Kilichoandikwa Juu ya Kingine

Ndugu msomaji, wahenga walisema kwamba majuto ni mjukuu. Mimi mjukuu huyo amenijia mapema, kabla ya mvi, na amenikalia mapajani. Juma hili naomba nikusimulie jinsi alivyokuja. Sitafuti kuonewa huruma. Nasimulia kwa sababu naamini kuwa katika nyumba nyingi za mji wetu huu wa Kigoma na Ujiji, na katika miji mingine pia, kuna kabati, na ndani ya kabati hilo kuna kitu chenye urefu wa kidole kilichobeba mambo makubwa kuliko kabati lenyewe. Kitu hicho ni flashi.

Shangazi yangu, dada yake baba, aliishi Ujiji tangu kuzaliwa kwake hadi kufa kwake. Alikuwa mwuza mawese, kisha mwuza dagaa, kisha bibi wa watoto wengi, na katika kazi zote tatu alikuwa na sauti ile ile: ya taratibu, yenye kukwaruza kidogo, isiyopanda hata alipokuwa akigomba. Kwa kuwa kazi yangu ni uandishi wa habari, na kinasa sauti hakinibanduki, nilikuwa nikimwendea siku za mapumziko, nakiweka kinasa sauti juu ya mkeka, naye anazungumza. Tulifanya hivyo mara 14. Alisimulia jinsi babu yake alivyovuka ziwa kwa mtumbwi kutoka upande wa Kongo. Alisimulia usiku wa kiza, mwezi ukiwa haupo, taa za wavuvi wa dagaa zikienea ziwani hata mgeni akadhani kuwa mji umehamia majini. Aliimba wimbo wa kubembelezea watoto alioimbiwa na mama yake, wimbo ambao hapana mtu mwingine katika ukoo wetu aliyeujua wote.

Sauti hizo 14 nilizihamishia katika flashi moja nyeusi, kisha nikakifuta kinasa sauti ili nipate nafasi ya kazi za ofisi. Naam, hapo ndipo kosa la kwanza lilipotendeka, ingawa wakati ule halikuonekana kuwa ni kosa. Kitu cha thamani kilibaki mahali pamoja tu.

Shangazi alifariki. Binti yake mkubwa, ambaye sisi sote twamwita Dada, anaishi Bujumbura na hakuwahi mazishi. Alituma ujumbe kuwa atafika kwenye kisomo cha arobaini, na kuwa ana ombi moja tu kwangu: asikie sauti ya mama yake. Nikamjibu kwa furaha kwamba sauti zipo, asiwe na wasiwasi.

JINSI KOSA LILIVYOTENDEKA

Zilipobaki siku tisa kufikia arobaini, mpwa wangu wa kidato cha tatu alikuja na kompyuta mpakato kuukuu aliyopewa na mfadhili mmoja. Ilikuwa nzito mno. Ukiiwasha waweza kwenda sokoni Mwanga ukarudi ukaikuta bado inajikaza. Nikamwambia kuwa dawa yake ni Linux.

Kwa wale wasioijua, Linux ni mfumo endeshi, yaani ile programu kuu inayoiongoza kompyuta na programu nyingine zote. Kiini chake kilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, ambaye wakati huo alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Ufini. Tangu hapo watu wa mataifa mengi wamekuwa wakiiboresha, na mtu yeyote huruhusiwa kuichukua, kuitumia na kuigawa bila malipo. Baadhi ya aina zake ni nyepesi, na huifanya kompyuta iliyochoka ifanye kazi tena. Kwa mwanafunzi ambaye wazazi wake hawana fedha za kununua kompyuta mpya, hilo si jambo dogo.

Ili kuiweka Linux, mtu hulipata kwanza faili moja kubwa lenye mfumo wote, lenye takriban gigabaiti 3, kisha huliandika katika flashi tupu. Amri ninayoitumia mimi kwa kazi hiyo huitwa dd. Ni amri ya zamani, isiyo na maneno mengi. Unaiambia mambo mawili tu: isome kutoka wapi, na iandike wapi. Haikuulizi kama una hakika. Haikuulizi kama mahali unapotaka kuandika pana kitu. Ukishabonyeza, huanza kuandika kutoka baiti ya kwanza kabisa ya flashi, juu ya chochote kilichopo, mpaka faili liishe.

Asubuhi ya siku hiyo nilikuwa nimeichomeka flashi ya Shangazi ili nisikilize kidogo kabla Dada hajaja. Sikuichomoa. Alasiri nikachomeka flashi ya pili, iliyo tupu. Zote mbili zilikuwa nyeusi, zote za gigabaiti 32, zimenunuliwa katika kibanda kimoja. Yafaa ieleweke kuwa Linux huzipa diski majina kwa herufi, na aghalabu hufuata zamu ya kutambuliwa kwake: diski ya ndani ya kompyuta yangu huitwa sda, flashi inayotangulia huitwa sdb, na inayofuata huitwa sdc. Siku zote nilikuwa nimezoea kuchomeka flashi moja tu, nayo siku zote iliitwa sdb. Basi nikaandika sdb kwa mazoea. Sikutazama.

Mpwa wangu alikuwa ameinamia meza, akifuata kila jambo. Baada ya muda akasema kwa adabu, "Mjomba, mbona taa inayomulika ni ya flashi ile nyingine?"

Nilipogeuka, kazi ilikuwa imekwisha. Kompyuta iliniarifu kuwa imeandika gigabaiti zote 3 bila hitilafu.

NENO LA KWANZA LA FUNDI

Nilifanya yale ambayo kila mtu aliyeshikwa na hofu hufanya: nikataka kulirekebisha kosa papo hapo. Jirani akanishauri niichomeke flashi ile katika kompyuta yake ya Windows. Ikatokea dirisha ikisema kwamba flashi haisomeki, je, ningependa iandaliwe upya? Kidole changu kilikuwa tayari juu ya kitufe cha kukubali. Wallahi sijui ni nini kilichonizuia. Nikachomoa, nikampigia simu binti mmoja fundi wa kompyuta mwenye duka dogo pale Mwanga.

"Kaka," akasema kabla sijamaliza kueleza, "umeichomoa?"

"Nimeichomoa."

"Basi usiichomeke mahali popote tena. Niletee kama ilivyo."

Ndugu msomaji, kama utasahau yote mengine yaliyomo katika ukurasa huu, lishike hilo moja. Kitu kilichofutika kwa bahati mbaya aghalabu hakipotei wakati wa kosa la kwanza pekee. Mabaki yake hupotea wakati mwenyewe anapohangaika. Kila faili jipya linaloandikwa, na kila "ndiyo" tunayoibonyeza bila kusoma, huweza kukanyaga sehemu ambayo ilikuwa bado nzima.

Dukani, fundi alinichorea mstari mrefu katika daftari. "Hii ndiyo flashi yako," akasema. Mwanzoni mwa mstari akachora kisanduku kidogo. "Hapa ndipo ilipokuwa orodha ya yaliyomo: jina la kila faili, linaanzia wapi, na linaendelea wapi. Baada ya hapo ndiyo mafaili yenyewe, moja baada ya jingine." Kisha akachukua kalamu nyekundu akapaka rangi kuanzia mwanzo wa mstari hadi karibu sehemu moja ya kumi. "Na hizi ndizo gigabaiti 3 za Linux."

Nikaelewa. Orodha imekwenda yote. Mafaili ya mwanzo yamekwenda. Lakini sehemu kubwa ya mstari ilikuwa bado nyeupe.

Flashi nyingi za dukani hutumia mpango uitwao FAT32, ambao huhifadhi jedwali la mafaili mwanzoni, na kwa kawaida huweka na nakala yake ya pili. Nakala hiyo hukaa jirani na jedwali la kwanza. Ni sawa na mtu aliyechonga ufunguo wa pili wa nyumba, kisha akaufunga pamoja na ule wa kwanza katika kamba moja: akipoteza kamba, amepoteza vyote viwili. Mipango mingine, kama ule wa ext4 unaotumiwa sana na Linux, hutawanya nakala za maelezo yake makuu sehemu mbalimbali za diski, na hapo matumaini huwa makubwa zaidi.

KAZI YENYEWE

Fundi hakuanza kwa kutafuta sauti. Alianza kwa kuinakili flashi yote, baiti kwa baiti, kuwa faili moja kubwa katika diski yake yenye nafasi ya kutosha, akitumia programu iitwayo ddrescue. Kabla ya kuanza aliandika amri ya kuonyesha kila diski pamoja na ukubwa na aina yake:

lsblk -o NAME,SIZE,MODEL

Akaisoma kwa sauti, akagusa kila mstari kwa kidole, ndipo akaandika:

sudo ddrescue /dev/sdb flashi.img flashi.map

Kazi hiyo ilichukua karibu saa nzima. Ilipokwisha akaichomoa flashi yangu, akaitia katika bahasha, akaandika juu yake "usiguse". Tangu hapo alishughulikia nakala tu. Akikosea, ataanza upya kutoka kwenye flashi. Flashi yenyewe haitakosewa mara ya pili.

Kisha akajaribu programu iitwayo TestDisk, ambayo hutafuta migawanyo ya diski iliyopotea na kuirudisha. Haikuona ila migawanyo ya Linux niliyoiandika mimi. Hilo halikumshangaza, maana mwanzo wa flashi ulikuwa umefunikwa. Ndipo akageukia ndugu yake TestDisk, programu iitwayo PhotoRec. Zote mbili ni kazi ya Mfaransa Christophe Grenier, hutolewa bila malipo, na hufanya kazi katika Linux, katika Windows na hata katika kompyuta za Apple.

PhotoRec haijali orodha. Hupita juu ya diski sehemu moja hadi nyingine ikitafuta alama za mwanzo wa mafaili, kama mchuuzi wa sokoni anavyomjua mgebuka kwa umbo lake bila kuhitaji kuandikiwa jina. Picha ya aina ya JPEG huanza daima na baiti zile zile. Waraka wa PDF huanza kwa alama %PDF. Na sauti ya aina ya WAV, ambayo ndiyo kinasa changu hurekodi, huanza kwa herufi RIFF, na mara baada ya herufi hizo huandikwa ukubwa wa faili lote. Basi programu ikiikuta RIFF, hujua sauti imeanzia hapo, na huhesabu mpaka mahali inapokoma.

Fundi aliiambia ipekue flashi nzima badala ya mgawanyo mmoja, kwa sababu jedwali la migawanyo sasa lilikuwa la mgeni. Tukakaa kimya. Hesabu ikaanza kupanda kiooni: picha, picha, picha, kisha wav 1. Wav 2. Ilipofika wav 6 ikasimama, ikaendelea na picha, na haikurudi tena.

Mafaili yaliyopatikana hayakuwa na majina. Kila moja lilipewa herufi f na tarakimu nyingi. Lakini fundi akanionyesha kuwa tarakimu hizo si za kubahatisha: zinataja sekta ya diski ambako faili lilianzia. Maadamu flashi ilikuwa mpya nilipohamisha sauti, nazo nilizihamisha kwa zamu, zenye tarakimu ndogo zilitangulia na zenye tarakimu kubwa zilifuata. Kwa hiyo tulijua kuwa hizi sita ni za tisa hadi ya kumi na nne.

"Na ya nane?" nikauliza.

Akapiga hesabu. Sauti zangu zilikuwa na wastani wa megabaiti 400 hivi kila moja. Saba za kwanza zilikuwa zimefunikwa kabisa. Ya nane ilikuwa imekatwa: mwanzo wake ulikuwa chini ya Linux, mwisho wake ulikuwa mzima. PhotoRec haikuiona kwa sababu herufi RIFF zilikuwa katika ule mwanzo. Lakini sauti ya WAV ya kawaida, baada ya maelezo ya mwanzo, ni mfululizo wa namba za sauti usiokazwa wala kufumbwa. Akakata sehemu hiyo kutoka katika nakala, kuanzia pale Linux ilipokoma hadi pale sauti ya tisa ilipoanza, akaifungua katika programu ya Audacity kama namba tupu, na kuielekeza kwa mkono jinsi ya kuzisoma.

Mara ya kwanza ilitoka sauti nzito, ya polepole, kama ya mzee mwanamume anayesinzia. Alikuwa ameielekeza kuwa imerekodiwa kwa njia moja, kumbe kinasa changu hurekodi kwa njia mbili. Akasahihisha. Na hapo, katikati ya neno, Shangazi akaanza kusema.

Nilitoka nje nikasimama kibarazani kwa muda.

ALIYEANDIKA JUU YA GAZETI

Nilipokuwa nikirudi Ujiji kwa daladala nilikumbuka mkasa mwingine wa maandishi yaliyoandikwa juu ya maandishi, nao unahusu mji wetu. Kila mtoto wa shule hapa amepelekwa kuiona miembe na kumbukumbu ya Ujiji, mahali ambapo mwaka 1871 Henry Morton Stanley alikutana na David Livingstone. Wachache wameambiwa Livingstone alikuwa ametoka wapi na amebeba nini.

Alikuwa ametoka Nyangwe, ukingoni mwa mto Lualaba, katika Kongo ya leo. Huko karatasi zilimwishia, na wino ukamwishia. Akachukua kurasa za gazeti kuukuu la London liitwalo The Standard, la mwaka 1869, akaandika shajara yake juu ya maandishi yaliyochapwa, akikatiza mistari, kwa wino uliotengenezwa kwa mmea wa huko. Katika kurasa za namna hiyo ndimo alimoandika alichokiona Julai 15, 1871, siku ambayo watu waliokuja sokoni Nyangwe, wengi wao wanawake, waliuawa kwa bunduki na watu wa wafanyabiashara wa watumwa na pembe. Alirudi Ujiji mnamo Oktoba akiwa mgonjwa, akakuta mali yake imekwisha kuuzwa.

Baadaye alinakili habari hizo katika daftari safi, na ulimwengu ukazisoma kutoka katika nakala hiyo, katika kitabu kilichotoka mwaka 1874, baada ya kifo chake. Zile kurasa za gazeti zilibaki Uskoti. Wino wa mmea ulififia, chapa ya gazeti ikabaki nyeusi, na kwa zaidi ya miaka 100 hapakuwa na mtu aliyeweza kuzisoma vizuri. Ndipo timu ya wataalamu iliyoongozwa na msomi Adrian Wisnicki ilipozipiga picha kwa mianga ya aina nyingi, kutoka ile isiyoonekana kwa macho upande mmoja hadi isiyoonekana upande wa pili, na kuitenganisha chapa na wino kwa kompyuta. Mwaka 2011 maandishi hayo yakatolewa yasomwe na yeyote. Ikadhihirika kuwa shajara ya kwanza na nakala ile safi hazilingani kila mahali.

Nilijiuliza: je, haiwezekani kufanya hivyo kwa sauti saba za Shangazi? Nilimpigia fundi simu nikamwuliza. Jibu lake lilikuwa fupi na la kweli. Juu ya karatasi ya Livingstone, chapa na wino vilikaa pamoja. Kimoja kilikuwa juu ya kingine, na vyote viwili vilikuwepo. Katika flashi, mtumiaji anapoandika upya sehemu ile ile, flashi hurudisha maandishi mapya tu. Hapana tabaka la chini tunaloweza kulimulika. Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukikutana na mtu anayekuahidi kwamba kwa fedha nyingi atakurudishia hata zile sehemu zilizokwisha kuandikwa juu yake, shika mkoba wako. Kinachookolewa ni kile ambacho hakikufikiwa.

YA KUZINGATIA

Watu wa Kigoma tuna mfano mwingine mzuri zaidi kuliko huo, nao ulikuwa ukipiga honi bandarini petu miaka mingi. Meli ya Liemba ilijengwa Ujerumani mwaka 1913 kwa jina Graf von Götzen, ikaletwa vipande vipande na kuunganishwa hapa Kigoma. Mwaka 1916, wakati wa vita, Wajerumani waliizamisha wenyewe isitekwe. Lakini kabla ya kuizamisha, mafundi waliipaka mitambo yake mafuta mazito ya kuzuia kutu. Mwaka 1924 Waingereza wakaiibua, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina Liemba. Waliofanya kazi ya kuiibua walikuwa hodari, lakini meli hiyo iliokolewa vilevile na wale walioipaka mafuta kabla ya maji kuifunika.

Basi tupake mafuta kabla.

Kwanza, kitu cha thamani kisikae mahali pamoja. Kiwe katika kompyuta au simu. Kiwe katika flashi iliyofungiwa sandukuni. Na nakala ya tatu iwe nje ya nyumba, kwa ndugu aliye Tabora au Dar es Salaam, au katika hifadhi ya intaneti. Nyumba ikiungua, mwizi akiingia, au mjomba akikosea herufi moja, nakala ya tatu itabaki.

Pili, flashi ya kumbukumbu isifanane na flashi ya kazi. Ifunge uzi mwekundu, iandike kwa kalamu, ikae mbali na meza.

Tatu, anayetumia dd achomoe kila flashi isiyohusika, asome orodha ya lsblk kila mara, alinganishe ukubwa na jina la kiwanda, asiamini mazoea. Ziko pia programu zenye madirisha, zinazoonyesha jina la flashi na kumwuliza mtu kabla ya kuandika. Si aibu kuzitumia.

Nne, likitokea la kutokea: simama, chomoa, usikubali kuiandaa upya, usihifadhi kitu humo. Nakili flashi nzima kwanza, fanya kazi juu ya nakala, na hicho kinachookolewa kihifadhi katika diski nyingine.

Tano, mwambie mapema mwenye haki na kitu hicho. Hili lilinishinda kuliko yote.

AROBAINI

Dada alifika Ijumaa, siku moja kabla ya kisomo, amechoka na safari. Alikunywa maji, akawasalimu wazee, kisha akanigeukia. "Mdogo wangu, umeziweka zile sauti za Mama?"

Nilikuwa nimepanga maneno mengi. Nikasema tu, "Dada, nimekukosea. Nimefuta saba kwa uzembe wangu."

Akakaa kimya kwa muda mrefu, mikono mapajani. Kisha akauliza, "Zimebaki ngapi?"

"Sita kamili, na moja iliyokatika."

"Anza na iliyokatika."

Tukakaa ukumbini, ndugu na watoto, na kompyuta ya mpwa wangu, ambayo sasa ilikuwa nyepesi na inafanya kazi, ikawa juu ya kigoda. Sauti ya Shangazi ikaanza katikati ya neno, katikati ya kisa cha mitumbwi miwili iliyopotezana ziwani wakati wa tufani. Watoto hawakuelewa mwanzo wake. Dada akanyosha mkono, akaisimamisha, akawasimulia mwanzo ule kwa maneno yake mwenyewe, kwa maana alikuwa amekisikia kisa hicho mara nyingi alipokuwa mdogo. Mpwa wangu, bila kuambiwa na mtu, akachukua simu akarekodi.

Usiku ule tulifanya hivyo kwa sauti zote zilizopotea. Kisa cha babu aliyevuka kutoka Kongo, Dada alikijua nusu, na mzee mmoja jirani akaongeza. Kisa cha taa za wavuvi tulikichanga kila mtu kipande chake. Lakini wimbo wa kubembelezea watoto ulikuwa katika sauti ya tatu, na Dada aliujua mstari wa kwanza na kiitikio. Alijaribu mara mbili kuupata mstari wa pili, akatikisa kichwa. Haukuja, na mpaka leo haujaja.

Asubuhi, kabla ya wageni wa kisomo kufika, niliandaa flashi tatu, kila moja na uzi wake: moja kwa Dada aende nayo Bujumbura, moja kwa kaka yetu wa Dar es Salaam, moja ibaki Ujiji katika sanduku la Shangazi. Mpwa wangu ndiye aliyezinakili. Nilimtazama akisoma orodha ya diski kwa sauti, akigusa kila mstari kwa kidole.

Ndugu msomaji, leo ni Jumapili na yamkini uko nyumbani. Ukishalikunja gazeti, lifungue lile kabati. Tukijaaliwa, tukutane Jumapili ijayo.